Pipa la Mlangoni

Asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Binti Fundi alilazimika kujaza pipa. Alipiga safari za ndoo mpaka maji yakafika ukingoni na kumwagikia miguuni mwake. Bomba la mtaa lilikuwa nyuma ya gereji, na foleni yake ilikuwa na wenyewe, wanawake wenye ndoo kubwa na midomo mikubwa zaidi, lakini yeye walimpisha. Walijua analijaza pipa kwa ajili ya nini. Nyumba ya watu wawili haihitaji maji yote yale.

Lilikuwa pipa la chuma, kando ya mlango, kwa nje. Kaka yake alipokuwa hai, kila jioni akirudi kutoka kazini alilipiga kwa kiganja kabla ya kuingia, bum, ili Mama ajue kwamba njaa imefika nyumbani. Pipa tupu lile lilisikika mpaka kwa majirani. Tangu wamzike, Mama hakutaka lipungue hata kata moja. Pipa lililojaa halilii, alisema siku ile.

Dawa hiyo ilifanya kazi kwa muda mrefu. Lakini tangu Binti Fundi amsimulie Profesa, mchapaji wa karibu na stendi, habari za kaka yake, pipa lilikuwa limeanza tena. Si kila siku. Alikuwa amekaa na daftari lake, Mama yuko kwenye cherehani, mara analisikia huko nje, limejaa vilevile, bum moja nzito ya chini kwa chini, kama mtu aliyegonga akiwa ndani ya maji. Akiinua kichwa alimwona Mama ameondoa mguu kwenye pedali. Kisha cherehani iliendelea.

"Leo ndiyo mwisho?" Mama aliuliza asubuhi hiyo, akikata uzi kwa meno.

"Ndiyo, Mama. Kengele ya mwisho ikilia, mwalimu anafunga maombi ya vyuo."

"Na kaka yako umemweka kwenye insha?"

"Nimemweka."

"Mweke vizuri. Ada yako alilipa yeye akiwa juu ya majukwaa ya ujenzi ya watu, na leo ndiye huyohuyo anakusaidia." Mama akaigeuza sketi ya shule aliyokuwa akiishona, ya mtoto wa mtu mwingine. "Kama si yeye, ungekuwa umekaa hapa na mimi, kiti cha pili, unatia vifungo."

Binti Fundi alitoka bila kunywa chai. Alipita kando ya pipa bila kuligusa.

Mwalimu wa ushauri alikuwa na chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya michezo, na bado kilinuka mipira. Ukutani alikuwa amebandika picha za vyuo vya ng'ambo, majani mabichi na vijana wanaocheka huku wamekumbatia vitabu, utadhani kule hakuna mitihani. Kila mwaka wanafunzi wachache wa kidato cha mwisho waliruhusiwa kuomba vyuo hivyo kwa ufadhili. Alama lazima uwe nazo, na barua ya mwalimu lazima uipate, lakini kinachomvusha mtu, aliwaambia tangu mwanzo, ni insha ya maisha yako. "Alama kule wanazo mpaka za kumwaga. Wanataka kujua umepitia nini." Basi wakaambiwa wakatafute walichopitia. Ambao hawakuwa wamepitia kitu walihangaika sana wiki ile.

Alimkuta mwalimu ameweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine.

"Hii nani kakuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe, Mwalimu. Profesa alichapa tu na kunyoosha lugha."

"Haya, soma na hii."

Ya pili ilikuwa na jina la mwenzake wa darasani waliyemwita Nondo, kwa sababu baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na ndiye aliyeipa shule mabati ya ukumbi. Binti Fundi alisoma. *Kaka yangu alikuwa kibarua wa ujenzi. Buti moja alilifunga kwa kamba na jingine kwa waya. Kila jioni, kabla ya kuingia ndani, alilipiga pipa la maji la mlangoni kwa kiganja, ili mama ajue amefika. Siku jukwaa lilipokatika, tulikaa mpaka giza likaingia, na pipa halikulia.*

Akarudia kusoma kwa sababu macho yalikataa. Hata waya wa buti ulikuwepo.

"Mwalimu, Nondo ana kaka mmoja tu. Yuko dukani kwao. Juzi nimemwona anapima misumari."

Mwalimu alivua miwani. "Najua."

"Na kwao hawana pipa. Kwao maji yanatoka ukutani."

"Najua, mwanangu. Mimi si mtoto." Alizitenganisha karatasi, kila moja upande wake, kama watu wawili waliogombana. "Lakini ya kwake imeshatumwa jana, imeshapokelewa. Ya kwako bado. Kuna mwaka waliletewa insha mbili zinazofanana kutoka hapa, wakaifungia shule nzima. Unataka wenzako wote wakose kwa ajili yako?"

"Ni kaka yangu."

"Sijakataa. Ila ungewahi. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako."

Aliisema methali hiyo kama watu wanavyoisema, kwa mazoea, mawazo yakiwa kwenye jambo jingine.

"Kwa nini usiwaandikie ukweli, Mwalimu?"

"Nikiwaandikia kwamba mwanafunzi wangu mmoja ni mwongo, barua zangu nyingine nani ataziamini? Na ya kwako nimeiandika mimi huyuhuyu." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. "Andika kitu kingine. Baba yako je?"

"Baba aliondoka. Hajafa."

"Kuondoka nako si haba. Nenda, muda unao. Kabla ya kengele ya mwisho."

Nje, Nondo alikuwa ameegemea nguzo ya baraza. Alipomwona alinyooka, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Sikujua ni wa kwako," alisema. "Profesa alisema ni wa kubuni. Sikujua alikuwa mtu kweli."

Binti Fundi alimtazama. Alipita.

Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa na kibanda cha intaneti karibu na stendi, kompyuta kadhaa za mitumba, printa yenye kikohozi, na shati jeupe la mikono mirefu hata jua likiwaka vipi. Mtaa mzima ulichapiwa maisha yake pale: maombi ya kazi, talaka, barua za kumlilia mwenye nyumba, na sasa insha za ng'ambo.

"Umemuuza kaka yangu," Binti Fundi alisema akiwa bado mlangoni.

"Kaa kwanza. Watu wazima hawasimami mlangoni."

"Umempa Nondo."

"Aa, Nondo." Profesa alikuna kidevu. "Yule kijana alikuja hapa hana kitu. Nimemhoji weee, hata homa hajawahi. Nikamwambia, bwana mdogo, wazazi wako wamekuharibu, hujawahi kuumia. Baba yake akaniambia, basi mtafutie."

"Ukamtafutia kwangu."

"Kifo cha kaka yako ni kizuri, binti, usinielewe vibaya. Mimi nimechapa vifo vingi kwenye meza hii. Mtu anaugua, anakufa, mistari miwili, kwisha habari. Lakini kaka yako ana pipa. Pale kwenye pipa mimi mwenyewe nilisimama." Aliweka mkono kifuani, na ubaya wake ni kwamba hakuwa anadanganya. "Ndiyo dunia. Kufa kufaana."

"Umempa na nani mwingine?"

Profesa aliangalia skrini yake kama mtu anayetafuta jina. "Wawili tu. Wa shule za mbali, hamwezi kugongana. Na mmoja, chuo chake kinajibu haraka, ameshajibiwa." Akatabasamu, akidhani anatoa habari njema. "Amepata. Anaondoka mwezi ujao. Kaka yako anavuka, binti. Sisi ndio tumebaki kwenye vumbi."

Binti Fundi alikaa sasa. Aliwaona mama watatu asiowajua, kila mmoja amekaa nyumbani kwake na masikio yako mlangoni. Aliwaza kwamba huko ng'ambo, kwenye majani yale mabichi, mgeni angewasimulia wageni wenzake namna pipa lilivyonyamaza, nao wangempa pole. Je, kaka yake angerudi kwa nani jioni, ikiwa sasa alikuwa na milango mingi ya kugonga?

Alimchukia Profesa. Lakini chuki haikukaa vizuri, kwa sababu alikumbuka siku ile alipokaa kwenye kiti hikihiki. Profesa alimuuliza kama daktari, inauma wapi, na hapo je, na yeye akasema yote, hata waya wa buti. Profesa alipoacha kuchapa na kunong'ona, "Hii itapita," yeye alifurahi. Alifurahi kweli. Jioni hiyohiyo ndipo pipa lilipoanza.

"Mfute," alisema.

"Nikimfuta humu, kule alikokwenda nitamfutaje?"

Binti Fundi akaomba kompyuta. Profesa alimwonyesha ya kona, akamwambia leo ni bure, na yeye akasema atalipa.

Alianza na baba. *Baba yangu aliondoka.* Akatazama maneno hayo, nayo yakamtazama. Hakuwa na la kuongeza, baba mwenyewe hakuwa ameongeza. Akafuta. Alianza na cherehani ya Mama, akafuta. Nje ya kibanda mtu aliangusha debe tupu, na moyo wake ukaruka kabla yake. Kisha, bila kujua ameamua lini, akaandika: *Kaka yangu anafanya kazi ya ujenzi.*

Vidole vilikwenda vyenyewe. Aliandika kwamba kila jioni anarudi, analipiga pipa, Mama anamkaripia kwa matope ya buti. Anakula, halafu anauliza, leo mmesoma nini, nieleze na mimi mjinga wako. Wiki hii nimemweleza kwa nini kitu kikiachiwa kinaanguka chini, na kwa nini kinaongeza kasi kadiri kinavyoanguka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, hilo sisi tunalijua bila vitabu, ndiyo maana tunashikilia. Nataka kusoma uhandisi, aliandika, ili nijue jukwaa linavyosimama, kwa sababu kaka yangu yuko juu yake sasa hivi ninapoandika.

Profesa alikuwa amesimama nyuma yake.

"Sasa hapa kilio kiko wapi? Huyu si yuko hai?"

"Yuko hai."

"Binti, hii hawaifikishi mwisho. Watasema kwenu mambo safi."

"Chapa karatasi moja. Na usiihifadhi."

"Nihifadhi ya nini? Hiyo hata nikiigawa bure hakuna wa kuichukua."

Mwalimu wa ushauri aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari.

"Huu ni uongo," alisema.

"Na ya Nondo, Mwalimu?"

Mwalimu alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa pindo la nguo yake. Ukutani vijana wa ng'ambo waliendelea kucheka.

"Unajua haitapita."

"Najua."

"Nikikuambia umtoe kaka, uandike hata ile njaa ya kawaida tu?"

"Mwalimu, tuma hiyo."

Akaituma. Kengele ya mwisho ililia wakati kompyuta ikiwa bado inafikiria, na wote wawili walikaa wakaitazama mpaka ikakubali.

Jua lilikuwa linazama alipofika nyumbani. Pipa lilikuwa limejaa, halijaguswa, mbu wakicheza juu ya maji. Mama alikuwa anamalizia sketi.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

"Umesemaje juu yake?"

Binti Fundi aliweka begi chini. Njiani kote alikuwa amejiandaa kusema uongo, akagundua kwamba uongo wote ameuacha kule.

"Nimesema hajambo. Nimesema yuko kazini, na jioni anarudi."

Mguu wa Mama ulisimama kwenye pedali. Binti Fundi alingoja aulizwe kwa nini, na Nondo, na Profesa, na mwalimu. Alikuwa tayari kueleza yote na kulia. Mama alikunja sketi, akaiweka kando, akainuka akishika kiuno.

"Njoo unishikie hapa."

Walitoka nje. Mama alishika ukingo wa pipa upande mmoja, yeye akashika upande wa pili, wakaliinamisha. Maji yalitoka kwa kishindo, yakalowesha miguu yao, yakateremka kichochoroni mpaka kwa majirani, na jirani mmoja akatoa kichwa dirishani kutaka kugomba, akawaona, akakirudisha. Pipa likabaki tupu. Wakalisimamisha mahali pake.

Ndani, Binti Fundi alichukua sahani ili apakue.

"Subiri kidogo," Mama alisema. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amekigeuza kuuelekea mlango. "Tusile kwanza."