Kucha za Mama Riziki

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa shuleni kusahihishwa. Pale shuleni mimi ndiye niliyesahihisha watu kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo ndoto hii sikuipenda tangu mwanzo.

Ni Darasa la Sita B. Nimekaa dawati la mbele, magoti yamegota kwenye mbao. Kwenye kiti cha mwalimu amekaa Dodoso. Ni lile lile la Utafiti wa Afya za Walimu Wanaume, kurasa ishirini na nne, linalonifikia kwa posta kila baada ya miaka miwili tangu nina miaka arobaini na nne. Wanatuuliza tunakula nini, tunaumwa nini, nani kapata saratani, nani kapona, nani kaacha kujibu. Sasa nina sitini na mbili. Katika ndoto Dodoso amevaa miwani, na kurasa zake za mwisho amezilaza kwenye kiti cha pili zipumzike.

"Mshiriki namba 612," anasema.

"Mwalimu Mbaruku," nasema.

"Hapa tunatumia namba."

"Na hapa ukurasa wa tisa una koma isiyo mahali pake."

Anajifunua ukurasa wa tisa, anatazama, anakohoa. Tunaanza upya kwa adabu.

Hapa inanibidi nieleze habari ya kucha. Utafiti huu huomba pia kucha za miguu, eti kucha hutunza habari za alichokula mtu na maji aliyokunywa. Mimi nimelelewa na bibi aliyezifukia kucha zake chini ya mgomba, asije mtu akaziokota akamfanyia jambo. Leo nizitie kwenye bahasha ziende kwa watu nisiowajua? Naipenda sayansi, lakini si kiasi hicho. Kwa hiyo kila mara nilipeleka za mke wangu, Mama Riziki, anayekatia kucha barazani na hana habari na mtu. Nilikuwa nafagia baraza mwenyewe. Maskini, akadhani nimeanza kumsaidia kazi.

Dodoso anavuta mtoto wa meza. Kucha zinatoka, zinajipanga mbele yangu.

"Baba Riziki, umekula?" zinauliza, kwa sauti ya mke wangu hasa.

"Nimekula," nazijibu.

"Hizi ni zako?" anauliza Dodoso.

"Zangu."

"Zina hina."

"Ilikuwa Idi."

"Mara zote kumi?"

"Idi ziko mbili kwa mwaka," nasema. Hesabu nilifundisha mimi.

Dodoso anavua miwani. "Kanuni yetu ni moja, Mwalimu. Majibu hufuata kucha. Yote uliyoyajibu ni ya mwenye kucha hizi. Tuanze na sigara: umeandika ulivuta miaka kumi na miwili."

Nje ya dirisha namwona Mama Riziki uwanjani, na khanga zake za nyumbani, ameshika sigara inayowaka. Anaitazama kwa mshangao.

"Goti la kushoto, linauma wakati wa mvua," anasoma Dodoso, na Mama Riziki anaanza kuchechemea. "Sasa ukurasa wa kumi na saba. Kuna mabadiliko yoyote katika haja ndogo? Umetia vema kwenye Hapana."

Vema hiyo niliitia jana baada ya chakula. Ukweli ni kwamba naamka mara nne kila usiku, nasimama chooni nasubiri. Na mwezi uliopita niliona damu, mara mbili. Sijamwambia mtu.

"Wino wa Hapana yako umekataa kukauka," anasema Dodoso. "Ugonjwa huo, kama upo, saa nne kamili unakwenda kwa mwenye kucha."

"Mama Riziki hana tezi dume."

"Ataletewa."

Natazama saa ya ukutani. Saa nne kasorobo. Nainuka nimkimbilie mke wangu, nafungua mlango wa darasa, na mlango ni wa jokofu.

Ndani kuna rafu na rafu za vichupa vya damu, ile waliyotutoa washiriki mwaka wa kwanza wa utafiti. Kwenye rafu ya kati amekaa Mwalimu Sengasu, aliyefundisha jiografia pamoja nami. Yu hai, analima mihogo Pongwe. Alifanyiwa upasuaji wa tezi dume miaka saba iliyopita.

"Karibu, Mwalimu mwenzangu," anasema. "Sogeza baridi hiyo ukae."

Naisogeza baridi, nakaa. "Uliandika nini ukurasa wa kumi na saba?" namuuliza.

"Nilitia vema kwenye Ndiyo. Nikalia siku nzima. Wakanipasua, nikavaa nepi miezi mitano, za wajukuu hazinitoshi. Sasa kila miaka miwili wananiuliza kama bado nipo." Anatabasamu. "Naandika: bado nipo. Hujui ilivyo tamu kuandika hivyo."

Kichupa kilicho pembeni yake kinajigonga kwenye kioo. Ni damu yangu ya mwaka ule, nilipokuwa na miaka arobaini na nne.

"Mbaruku, umekonda," inasema.

"Na wewe umeganda."

"Mimi walinitoa mbele ya macho yako, hukuweza kunibadilisha. Naweza kukushuhudia kwamba 612 ni wewe. Lakini lazima na wewe ukubali."

Nakichukua kichupa, nakikumbatia kifuani. Kina baridi na nakionea huruma, maana damu ile haikuwa imeogopa kitu bado.

Jokofu ni darasa tena. Saa nne kasoro dakika moja. Naweka kichupa mezani, nachukua kalamu yangu nyekundu, naikata Hapana na kuandika: Ndiyo. Mara nne kila usiku. Damu mara mbili. Naogopa kumwacha mke wangu peke yake.

"Hiyo ya mwisho haina nafasi," anasema Dodoso.

"Itafutie nafasi pembeni."

Anasogeza maneno yake kidogo kidogo, yanabanana, nafasi inapatikana. Uwanjani Mama Riziki anatupa sigara na kutembea sawasawa.

"Na sisi?" zinauliza kucha.

"Rudini kwa mwenyewe," nasema.

"Zote isipokuwa mimi," inasema moja, ya kidole gumba. "Mimi namsindikiza huyu." Inaruka, inatua kwenye mguu wangu wa kushoto, na ina joto.

Nikaamka alfajiri. Mama Riziki alikuwa ameketi kitandani ananitazama. Nikamweleza yote: damu, Hapana, hata habari ya kucha.

"Mara nne," alisema. "Juzi mara tano. Unadhani nalala wewe ukiwa huko? Nahesabu. Nilikuwa nakungoja useme." Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa ncha ya khanga. "Na kumbe baraza ulikuwa hunifagilii mimi."

"Nitakufagilia," nikasema. Nampenda mwanamke huyu.

Akatoa baibui lake kabatini. "Inuka. Tunakwenda hospitali, tufike mapema."

Nikashusha miguu kuvaa viatu. Kucha ya kidole gumba cha kushoto ilikuwa nyekundu ya hina, imekolea. Mama Riziki hajapaka tangu Idi, na humu ndani hakuna hina hata chembe.

Aliinama, akaigusa, akaitazama sana. Kisha akanivalisha soksi, pole pole, mguu wa kushoto kwanza.

"Daktari akiuliza," alisema, "mwambie hiyo ni yangu."