Gunia la Mbegu kwa Mtendaji

Februari ya mwaka 2021 serikali ilikuwa bado inasema ugonjwa haupo. Lakini malori yalipanda mlimani kwetu Mamba kila siku kufuata tangawizi, maana nchi nzima ilikuwa inajifukiza, na bei ikapanda mara tatu. Mdogo wangu Eliufoo na mkewe Honorata wakachimba yote. Halafu wakachimba na ya mbegu, ile isiyoguswa, kwa sababu Eliufoo alikuwa ameshaanza kubanwa kifua, na mtungi wa oksijeni haufunguliwi kwa ahadi.

Alikufa siku ya nne hospitalini. Kwenye karatasi wakaandika changamoto ya kupumua. Waliojifukiza kwa tangawizi yake wengi wako hai huko Dar es Salaam. Sina ugomvi nao.

Novemba serikali ikageuka. Ugonjwa upo, ikasema, na fedha zimekopwa kwa ajili yake. Kijijini kwetu fedha hizo zilifika zikiwa madarasa mawili. Mtendaji wetu, kijana anaitwa Anderson, akatangaza kwamba hazitoshi bila nguvu za wananchi, kwa hiyo kila Jumamosi ni msaragambo: mchanga, mawe, maji. Msaragambo ni kazi ya pamoja tuliyorithi kwa babu zetu, na asiyefika hutozwa faini. Hilo silikatai. Ninachouliza ni hiki: mjane aliyeuza mpaka mbegu ugonjwa huo ulipokuwa haupo, anadaiwa mchanga na nani?

Jumamosi ya pili Honorata hakufika. Alikuwa ameuza cherehani yake, akavuka korongo kwenda kwa Elirehema, mtu pekee upande ule aliyekataa kuchimba mbegu, akarudi kwa bodaboda na gunia moja. Anderson akawasimamisha mbele ya shule.

"Mama, msaragambo hukuuona?"

"Nilifuata mbegu, mtendaji. Mvua imeshaanza. Jumatatu nitabeba mchanga hata peke yangu."

"Faini elfu kumi."

"Sina."

"Basi gunia litalala kwangu mpaka uipate."

"Mkuu," akasema yule wa bodaboda, "kwani gunia nalo lilikosa msaragambo?"

Watu wakacheka. Gunia likaingizwa stoo.

Honorata akaja kwangu moja kwa moja.

"Shemeji, elfu kumi jirani yangu Ernesta atanikopesha. Nikalipe nipande."

"Usilipe," nikamwambia.

"Mvua, shemeji."

"Hata shilingi! Sheria nimeisoma, hana mamlaka ya kushika mali ya mtu bila hukumu. Mwaka 1945 baba yangu alishuka kwa miguu mpaka Same, yeye na maelfu ya Wapare, kuikataa kodi ya mkoloni, ile ya mbiru. Wangelipa kimyakimya, wewe na mimi tungekuwa wapi?"

"Baba yako alikuwa na mbegu ndani," akasema.

Nilimsikia. Nikajifanya sikumsikia. Na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa ukoo, hakulipa.

Niliandika barua wilayani. Nikaambiwa linafanyiwa kazi. Nikaandika ya pili, nikashuka nayo Same mwenyewe, nikakaa kwenye benchi siku mbili mpaka ikagongwa muhuri. Kijiweni nilihutubia, watu wakapiga makofi. Wiki ya nne amri ikatoka: gunia lirudishwe, faini ifutwe. Nilishinda.

Nilikwenda na Honorata kulichukua, kifua mbele.

"Shikamoo, mzee Melkizedeki," akasema Anderson, akafungua stoo.

"Marahaba. Toa mali ya watu."

Gunia lilikuwa la nailoni, limefungwa mdomo, limelaliwa na mifuko ya simenti chini ya bati linalovuja. Harufu ilitufikia kabla yake. Honorata alipokata kamba, maji meusi yakamwagika miguuni mwake.

"Mimi sikujua kwamba inaoza," Anderson akasema. "Mngelipa tu, mzee. Elfu kumi."

 

Honorata alikaa chini na kisu. Akakata palipooza, akaacha kila kipande chenye jicho hai. Nikainama kumsaidia.

"Acha, shemeji. Unatupa nzima."

Katika gunia zima alipata nusu sufuria. Akaifunga kwenye kanga, tukapanda shambani mvua ikitunyeshea. Shamba lile lina matuta arobaini na mawili. Mbegu ilijaza tuta moja, na la pili robo.

Nikaanza kumwambia kwamba Anderson lazima alipe fidia, kwamba kesho nitaandika barua nyingine, safari hii mkoani.

"Huku kulikobaki tutaweka maharage," akasema bila kunitazama. "Chukua jembe, shemeji. Mkoa haukimbii."

Nikachukua.