Nukta ya Njano Chini ya Mpira

Mama alikuwa mkadiria hasara wa kampuni ya bima. Kazi yake ilikuwa kukagua magari yaliyogongwa na kuamua lipi litengenezwe, lipi liuzwe kama chuma chakavu. Kwa hiyo binti yake alipopata leseni, akiwa na miaka kumi na minane, hakuna aliyethubutu kumchagulia gari isipokuwa mama.

Walikwenda yadi ya magari watatu: mama, binti, na kaka yake mama, ambaye familia nzima ilimwita Mjomba Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzima. Mama alianza na aliyoyataka: mazito kiasi, injini isiyo na papara, mifuko ya hewa mbele na ubavuni. Aliinama, akapapasa, akanusa mazulia kujua kama yamewahi kuingia maji. Mjomba Redio alimuuliza kama wamekuja kununua gari au kufanya upasuaji. Binti alicheka, kisha akawaacha. Alikuwa ameshaliona lake: dogo, jekundu, linang'aa kuliko yote.

Muuzaji alisema lilikuwa la mwalimu mstaafu, la kwendea sokoni tu. Mama hakubishana naye. Binti akiwa ameshaketi kwenye usukani, mama aliushika mpira unaozunguka fremu ya mlango wa dereva, akauchomoa taratibu. Mafundi wengi wa rangi hupaka mpaka ukingoni mwa mpira ule, wachache huutoa. Chini yake, kwenye nguzo, palikuwa na nukta ndogo ya rangi ya njano.

Aliifahamu, kwa sababu aliiweka yeye. Kila gari alimofia mtu, aliliwekea nukta mahali pale baada ya kumaliza ukaguzi. Kampuni haikumwagiza. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Mama," binti alisema, "hata kiti sijakisogeza. Kimenikaa sawasawa."

Mama akamwambia ashuke. Binti akagoma, alisema kila anachokipenda yeye lazima kikutwe na kasoro, na kwamba safari hii anataka kuambiwa kasoro yenyewe. Mama alijua njia moja tu ya kujibu swali: ukweli wote, kwa mpangilio. Alimweleza usukani ulivyorudi nyuma, nguzo ilivyojikunja, mkanda wa usalama ulivyovutika hadi ukabaki na mawimbi. Alimweleza kwamba dereva alikuwa msichana wa kimo chake, na leseni yake ilikuwa bado mpya. Hakupaza sauti. Muuzaji alitazama viatu vyake.

Binti alishuka akifuta viganja kwenye nguo.

Walichukua la kijivu, zito, lililofaulu kila kipimo cha mama. Binti aliendesha kurudi nyumbani, mama pembeni yake, mjomba nyuma. Alikwenda polepole mno hata baiskeli zikawapita. Kila mara alitupa jicho kwenye kioo, na mama aligundua kuwa haangalii barabara. Anaangalia kiti cha nyuma, upande usiokaliwa. Akamwambia atazame mbele.

Kwenye makutano taa iliwaka kijani, naye hakwenda. Alikuwa ameshika usukani kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe.

"Hili halijawahi kugongwa," mama alisema. "Nimelikagua lote."

"Bado," binti alisema.

Mama alipitisha akilini yote aliyoyajua kuhusu gari lile, tangu tairi hadi paa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Taa ikawa nyekundu. Nyuma yao watu walianza kupiga honi.

Mjomba Redio alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva. "Njoo, mwanangu. Leo nipishe mimi."

Binti alimpisha. Aliingia nyuma, akajibana kabisa mlangoni, akaacha nafasi ya kumtosha mtu.