Utafiti wa Akidor Mbele ya Wenyewe

Viti vya kikao kile nilivipanga mimi, kwa hiyo nina haki ya kukisimulia. Naitwa Hamdia, mratibu wa hafla za Idara ya Historia katika kampasi yetu ya Isiolo. Cheo kinavutia, lakini kazi yenyewe ni viti, spika na chai. Siku hiyo rafiki yangu Akidor alikuwa anawasomea Waturkana wa mtaa wa Chechelesi utafiti wake kuhusu jinsi wazazi wao walivyohamia mji huu. Chuo kilimpa sharti moja: waliohojiwa wenyewe wathibitishe hadharani kwamba alichoandika ni kweli. Wakikataa, shahada ya uzamifu hana, aanze upya.

Kutoka kampasi kuu alitumwa Daktari Kaburu kusimamia. Ni mtu mwema, ila anapenda utaratibu kuliko chakula. Alishika maikrofoni akawaomba wageni wazime simu, kisha wanyamaze kabisa hadi mwisho, hata wakifurahi. Akina mama walijaa safu za mbele na shanga zao. Wanaume walikalia vigoda walivyokuja navyo, wakaviacha viti vyangu vitupu. Wote wakatii.

Akidor akasimama nyuma ya meza, akaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Kaburu akaninong'oneza kwamba hajawahi kuona hadhira yenye nidhamu namna hii. Mimi nilikuwa namtazama Akidor, na sauti yake ilizidi kufifia. Mwishowe akaja pembeni kuniomba maji.

"Hamdia, wamenikataa," akasema.

Nikamwambia aache ujinga, watu wametulia tu. Akanieleza haraka haraka kwamba kwao anayesema mbele ya watu hutembea, na kila akimaliza neno, wanaomkubali humwitikia. Asiyeitikiwa amekataliwa. Nikamkumbusha amri ya Kaburu. Akasema amri anaijua, lakini kimya cha amri na kimya cha kukataliwa atavitofautisha vipi? Hapo nikamkasirikia Daktari Kaburu kweli kweli, yeye na utaratibu wake.

"Basi toka huko nyuma ya meza," nikamwambia. "Tembea."

Aliziacha karatasi zake. Akapita mbele ya safu ya kwanza, akaanza kusema Kiturkana. Mimi ni Msomali, lakini nimekulia mji huu na lugha hiyo naisikia.

"Walikuja kwa miguu," akasema.

Kimya. Kaburu akakohoa. Akidor akageuka, akarudi polepole hadi kwa bibi mmoja aliyeitwa Akolong, ambaye Akidor alikuwa amemhoji kwa muda mrefu kuliko wote. Akasimulia jinsi mama yake Akolong alivyombeba mgongoni, punda akawafia njiani, wakaingia Isiolo na sufuria moja.

Bibi Akolong akamtazama Kaburu, kisha akamtazama Akidor.

"Sufuria moja," akaitikia.

Basi wengine wakamfuata. Akidor akitaja njaa, wanataja njaa. Akitaja nyumba za kwanza za Chechelesi, wanazitaja, na fimbo za wanaume zinagonga sakafu. Kaburu aliomba utulivu, hakuna aliyemsikia. Akidor alitembea huku na huko, kichwa juu, na sauti yake ilijaa ukumbi bila maikrofoni. Nililia, na sioni haya kusema.

Alipomaliza, Kaburu alirekebisha tai yake. Ilibaki kuthibitisha, na chuo kina njia moja tu ya kufanya hivyo.

"Anayepinga utafiti huu aseme sasa," akatangaza. "Anayekubali anyamaze."

Hakunyamaza hata mmoja, wote wakaitikia, na Daktari Kaburu akaandika kwamba utafiti umekubaliwa na wote.