Hati Tatu za Probox

Kageha aliapa mbele ya majirani zake wa Makongeni kwamba gari lake litatoka Japani mpaka mlangoni pake bila karatasi hata moja kupita mikononi mwa dalali. Na Kageha akishaapa, mtaa mzima hujua neno limekwisha. Mama huyu alikuwa amekaa miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya vifurushi ya reli, nyuma ya kaunta ya mbao, akipokea magunia ya omena, baiskeli, makochi, na siku moja jeneza tupu lililokuwa likienda Butere. Katika miaka yote hiyo hakupoteza risiti. Aliyemjia na madai ya uongo alitoka pale akitafuta maji ya kunywa.

Alipostaafu, wenzake walikimbilia ploti. Yeye alinunua sufuria kubwa sita, akaanza kupika chakula cha mchana na bintiye Triza, wakawauzia wafanyakazi wa Industrial Area, hapo tu ng'ambo ya barabara. Chakula kilisifiwa mpaka sifa zikafika kwa meneja wa kiwanda kimoja cha mabati. Meneja akamwita. Sahani mia moja na hamsini kila siku, kuanzia tarehe moja Machi, lakini kwa sharti moja: chakula kifike kwa gari la mpishi mwenyewe, na karatasi za gari ziwe kwa jina lake. Mpishi aliyetangulia alikuwa akikodi, na siku gari lilipokosekana watu walishindia soda. Gari lisipopatikana kufikia siku hiyo, kazi ingekwenda kwa bwana mmoja wa Komarock, ambaye gari alikuwa nalo, ingawa wali wake, kwa maneno ya Kageha, ulifaa kuziba nyufa.

Basi Kageha akatoa kiinua mgongo chake chote akaagiza Probox nyeupe, ya mwaka wa 2019, maana alijua sheria haikubali gari lililozidi miaka minane. Hapo ndipo Chege alipokuja kunywa chai. Chege alikuwa na yadi ya magari Buruburu, kijana mwema, ila mdomo wake ulikuwa na mafuta kuliko injini zake.

"Mama Triza, mimi nakuambia kama mtoto wako," alisema. "Hii mambo ya ushuru itakutoa jasho. Niachie. Tunaandika bei ya chini kwa invoisi, ushuru unashuka, maisha inasonga."

Kageha aliweka kikombe chini. "Chege, hiyo bei utakayoandika atakayeisoma ni nani? Watu wa ushuru, KRA, wana orodha yao. Wanaangalia gari kama hili likiwa jipya linauzwa ngapi hapa Kenya, wanapunguza kulingana na umri wake, basi. Hata ukiandika nimepewa bure, wao wanafungua orodha."

"Sasa hayo yote umeyajulia wapi?"

"Nimesoma. Kuuliza si ujinga, na kusoma ni kuuliza bila kusumbua mtu." Akanyoosha kidole, akaanza kuzipanga. Kwanza ushuru wa forodha. Juu yake ushuru wa bidhaa. Juu ya zote mbili VAT, zimepandiana kama chapati kwenye sahani. Halafu ada ya kuingiza mzigo, na mwishowe ada ya kuendeleza reli. "Hiyo ya mwisho nimeilipa nikicheka peke yangu. Nimefanyia reli kazi miaka thelathini na mmoja, nimestaafu, na bado inataka kitu kwangu."

"Mathe, wewe ni noma," Chege alisema, na akamaliza chai yake bila kutaja tena invoisi.

Kila kitu kilikwenda sawasawa. Gari lilikaguliwa kule kule Japani, cheti kikatoka. Kageha akamtafuta wakala wa forodha mwenye leseni, maana sheria humtaka wakala, si dalali, Mombasa, mwanamke aitwaye Akech, asiyependa porojo. Ushuru ukalipwa meli ingali baharini. Ikabaki hati ya shehena, na hiyo ilikuja kwa bahasha kutoka Japani siku ya Ijumaa, siku ile ile meli ilipofunga gati.

Hati ya shehena ndiyo gari lenyewe, ukipenda. Kampuni ya meli haitazami sura wala machozi; anayeleta hati halisi, yenye muhuri na sahihi inayosomeka, ndiye mwenye mzigo. Hutolewa tatu, zote halisi, zote sawa. Moja yoyote ikishapokelewa, zile mbili zimekufa, hazina kazi tena. Kageha alizitazama zote tatu, akaona jina lake limepigwa chapa kwa herufi kubwa, akapitisha kidole juu yake. Jina lake lilikuwa limewahi kuandikwa kwa herufi kubwa mahali pamoja tu, kwenye orodha ya wanaostaafu.

Alizifunga hati kwa kibanio, akazitia katika mfuko wa plastiki, akautia mfuko katika faili lake la bluu. Faili hilo Triza hakuruhusiwa kuligusa. Miaka minne nyuma msichana alikuwa amemwagia chai fomu ya pensheni, na tangu siku hiyo mama yake alisema ana mikono ya jikoni. Lakini kanuni za ofisi ya vifurushi Triza alizijua kwa moyo, maana alilelewa nazo kama wengine wanavyolelewa na Zaburi. Zilitoka kwa Bwana Kyule, mkuu wa kwanza wa Kageha. Karatasi zikiwa tatu, moja isilale na wenzake. Usitoe karatasi bila kuhesabu. Na ukiitoa, acha kikaratasi mahali pake kinachosema nani kaitoa na lini.

Mganga hajigangi. Jumamosi jioni kina mama wa kanisani walimpigia Kageha simu. Kesho ilikuwa siku ya shukrani, na kanisani kwao mwenye jambo jipya hulileta mbele liombewe: mtoto, cherehani, hata ufunguo wa nyumba. Gari liko Mombasa? Basi alete karatasi zake.

"Nitazileta zote tatu," Kageha aliwaambia. "Shukrani haipelekwi vipande vipande."

Triza alikuwa akichambua maharagwe. "Mama, si kanuni inasema..."

"Wewe chambua maharagwe. Mambo ya karatasi niachie."

Tuseme ukweli bila kumwonea. Si Mungu aliyezitaka zote tatu, ni Kageha. Alitaka kina mama wa safu ya mbele wasome lile jina la herufi kubwa. Jumapili alichelewa kwa sababu ya kilemba, akauchomoa ule mfuko kwenye faili mbiombio, na ngoma zilipokuwa zikilia tayari akaingia kanisani akitembea katikati kama bibi harusi.

Aliyeongoza maombi alikuwa Mzee Wabwire, mtu wa Mungu kabisa, na mkarimu wa mafuta. Wazee wengine huchovya kidole. Wabwire humimina. Kageha alipozitoa hati na kuziinua kwa mikono miwili, Mzee alifumba macho, akaombea meli, akaombea injini na magurudumu yote manne, na chupa ikainama. Kageha aliyasikia mafuta yakimtiririkia mpaka kwenye viwiko. Kanisa zima likaimba. Naye akaimba, maana ungefanyaje?

Nyumbani alizitandaza mezani. Zilikuwa zimegandana, zimekuwa bonge moja linaloonyesha mwanga kama karatasi ya maandazi. Muhuri wa bluu ulikuwa umevimba mpaka ukafanana na wingu, na sahihi ya nahodha haikuonekana tena ilipoanzia wala ilipoishia. Kageha akakumbuka mafuta yakimwagika kwenye kitambaa hunyunyiziwa unga. Akachota unga wa ugali, akaunyunyiza, akabonyeza kwa kiganja. Unga ulinyonya mafuta vizuri sana, na wino ukaondoka nao.

"Mama," Triza alisema kutoka mlango wa jikoni. "Kuna kitu nataka..."

"Triza, nimesema nyamaza! Hujui karatasi wewe!"

Triza akarudi kwenye sufuria zake. Kageha aliketi pale akiona haya, haya ya kweli, ya mtu aliyewafokea wateja miaka thelathini na mmoja kwa kushika risiti na mikono ya samaki.

Jumatatu asubuhi alimtumia Akech picha. Simu ikalia kabla hajakaa, akaiweka sauti juu na kuilaza mezani kando ya lile bonge. Chege naye alikuwa mlangoni. Alikuwa amepita kuuliza gari limefikia wapi.

"Mama Kageha, hii ni nini?" Akech aliuliza. "Ni chapati ama ni hati?"

"Zimeombewa, binti yangu."

"Amina," Akech akasema taratibu. "Lakini kampuni ya meli haiwezi kuipokea. Muhuri hausomeki. Sahihi haipo. Watataka dhamana ya benki inayozidi bei ya gari, na barua, na mawakili. Hiyo ni mwezi, pengine zaidi. Siku za bure za bandari zinaisha Ijumaa, baada ya hapo ni kulipia maegesho kila siku."

Mwezi mmoja. Tarehe moja Machi ilikuwa imebakiza siku kumi na nane. Kageha aliliona gari la yule bwana wa Komarock likiingia getini na wali wake wa kuziba nyufa, na kiinua mgongo chake kikikaa juani Mombasa kikiliwa na maegesho. Na hakuna dalali wa kumlaumu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Zote tatu ziko hivyo?" Akech aliuliza.

"Zote tatu," Kageha alisema. "Nilizipeleka zote. Nilijiona."

Chege aliingia ndani, akamvutia Kageha kiti.

"Mama," Triza akasema. Safari hii hakusimama mlangoni. Alifuta mikono kwa aproni, akaja mpaka mezani. "Hebu zihesabu."

"Nini?"

"Zihesabu. Hujazihesabu tangu Ijumaa."

Kageha alitaka kufoka, lakini hiyo ilikuwa kanuni ya Bwana Kyule. Akachukua kisu cha siagi, akapenyeza ncha kwenye kona ya lile bonge na kuligandua polepole, unga ukidondoka. Moja. Akageuza. Mbili. Akatafuta ya tatu. Akaipapasa ya pili kwa vidole kama ni mbili zilizoshikana, lakini ilikuwa moja.

"Angalia kwa faili," Triza alisema.

Faili la bluu lilikuwa pale pale rafuni. Kageha alilifungua, na mahali ulipokuwa ule mfuko wa plastiki akakuta kikaratasi kilichokatwa kwenye daftari, kimebanwa sawasawa na waya wa faili: *Hati ya shehena, nakala halisi moja. Imetolewa Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Iko kwenye bahasha ya cheti changu cha kidato cha nne. Triza.*

"Niliitoa ulipokuwa bado unaongea na simu," Triza alisema haraka haraka. "Najua umenikataza kugusa. Nilinawa mikono kwanza. Nikaacha kikaratasi, nikajua ukifungua faili utakiona. Halafu jana nikataka kukuambia."

"Nikakunyamazisha."

"Mara mbili, ukihesabu ya Jumamosi."

Bahasha ikaletwa. Hati ilikuwa kavu, imenyooka, muhuri wake mviringo kabisa, sahihi ya nahodha imejikunja na mkia wake wote. Kageha aliiangalia, akamwangalia binti yake, na machozi yakamtoka wazi wazi mbele ya Chege, wala hakuyaficha.

"Kuna ingine?" sauti ya Akech ikauliza kwenye simu. "Mama? Moja inatosha!"

"Iko," Kageha alisema. "Iko kavu."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," Chege alisema, na akapewa chai bila kuomba.

Lakini kanuni ni kanuni. Kageha alichukua kalamu, akakilaza kile kikaratasi mezani na kuandika chini ya jina la Triza: *Imepokelewa, ikiwa salama.* Akatia sahihi na tarehe. Kisha akaandika kikaratasi kingine, kwamba hati imetolewa tena, inaelekea Mombasa kwa mkono wa Triza, akakisukuma upande wa pili wa meza. Triza alitia sahihi. Mkono wake ulikuwa imara kuliko wa mama yake. Siku hiyo hiyo akapanda treni ya saa tisa, kwa maana Kageha hakukubali mzigo wa maana usafiri kwa kitu kingine chochote.

Probox ilitoka bandarini Alhamisi, siku moja kabla ya siku za bure kwisha. Mzee Wabwire alipoiona akaitafuta chupa yake, na Kageha akamruhusu, ila kwenye matairi tu.

Tarehe moja Machi, saa sita kasorobo, gari jeupe lilisimama kwenye geti la kiwanda cha mabati likinukia maharagwe na vitunguu. Askari wa geti, mtu mwenye daftari na kalamu sikioni, akainama dirishani.

"Karatasi za gari," alisema.

Triza alikuwa kwenye usukani, na Kageha upande wa abiria, amekumbatia sufuria ya mchuzi isimwagike. Hakuigusa pochi yake.

"Muulize dereva," alisema. "Huyo ndiye karani."