Semina ya Jikoni, Matisi

"Dawa ikishaingia kwenye plasma," Jepkoech alisoma, karatasi imemfunika uso, "kiwango chake hupungua kwa nusu kila baada ya kipindi maalumu."

Punje ziliendelea kumwagika karaini. Wanawake wa kikundi cha kusaidiana walikuwa wamekuja kwa shangazi yake Cherop kupukuchua mahindi, na walipukuchua kwelikweli. Hakuna aliyeinua kichwa.

Lilikuwa wazo la shangazi, Desemba hiyo ya 1989. Jepkoech alikuwa amerudi Kitale kutoka chuo kikuu amenywea kama kuku aliyenyeshewa. Semina yake ya famakolojia aliisoma ameinama, na alipoulizwa swali la kwanza akatoka nje mbio. Mhadhiri alimpa nafasi moja tu zaidi, Januari. Akikimbia tena, atarudia mwaka.

"Kama unaogopa watu, anza na hawa wangu," shangazi alimwambia. "Hawali mtu."

"Wewe msichana," akaita Mama Mukhisa, mwenyeji wa Naitiri, "hiyo plasma inakaa wapi, bana? Si utuangalie kwanza!"

Wakacheka. Jepkoech naye akacheka kwa aibu, akaiweka karatasi chini. Mikono ikakosa kazi. Akaokota gunzi, akalitia motoni chini ya sufuria ya maharagwe.

"Haya. Ukiyajaza magunzi yote mara moja?"

"Maharagwe yanaungua," wakajibu.

"Ukitia moja asubuhi, halafu uende shamba?"

"Utakuta jivu tu."

"Basi dawa ni hivyo. Mwili unaimaliza kidogo kidogo. Ndiyo maana daktari anasema asubuhi, mchana na jioni. Unatia lingine kabla moto haujazima."

Punje zikanyamaza. Jepkoech alishtuka, akadhani amewaudhi. Kumbe walikuwa wanamtazama.

"Sasa mtoto mchanga," Mama Mukhisa akauliza, "jiko lake si ni dogo? Yeye anatiwa ngapi?"

Swali! Macho ya Jepkoech yaliruka hadi mlangoni. Lakini hakukimbia.

"Kidogo, mama, si kama mtu mzima. Lakini kidogo kiasi gani, sijui. Nitauliza."

Hakuna aliyeguna.

"Wangu alipewa nusu tembe," akadakia mmoja.

"Ati nusu? Na alikuwa na uzito gani?"

Ubishi ukawaka jikoni, shangazi akibishana na kila mtu. Jepkoech alijawa na furaha asiyoitarajia. Akavuta gunia, akaketi katikati yao, mdomo wazi, akisubiri nafasi ya kusema, na hakuna aliyempa.