Pamba Yote ya Sokoni

…nisiwe na haraka, ananiambia, chukua muda wako dada yangu, na huku kidole chake cha pete kinagonga mgongo wa kiti changu, namba imeingia?, bado Mjomba, naona mtandao unasuasua, namjibu, uongo mtupu, imeingia kabla hajamaliza kupanda ngazi, iko hapa juu ya paja kwenye simu yangu, ndiyo iliyosajiliwa na akaunti, tarakimu sita zimejipanga, na chini yake onyo kwamba zitakufa baada ya dakika tano, na mbele yangu kwenye kompyuta soko la pamba liko wazi, kitufe cha kijani kimeandikwa NUNUA ZOTE, marobota elfu kumi na moja na mia tatu, pamba yote iliyopo kwenye mchezo wa Falme Tisa mpaka wiki ijayo, kinachokosekana ni namba ya kuthibitisha tu, niiandike, nibonyeze, basi, halafu nikanywe ile soda aliyoninunulia, soda!, miaka sita sijaonja hata maji ya mtu huyu, leo soda baridi na mrija wake… na wala si mjomba wa mtu humu ndani, hilo jina alijipa mwenyewe siku aliyopanga chumba hiki juu ya duka la magodoro, akatuketisha watu saba kwenye meza saba, akasema hapa sisi ni familia, niiteni Mjomba, kazi yenu ni kucheza, na kweli tunacheza, tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi, tunachimba madini ya kuchora kwenye milima ya kuchora mpaka macho yanawaka, na dhahabu tunayoipata anawauzia watu wenye hela ya kweli na uvivu wa kweli, wanaotaka kuwa mashujaa bila kutoka jasho, na mkubwa wao ni huyu anayejiita Sultani, hakuna aliyewahi kumwona sura, tunajua tu kwamba analipa haraka na kwamba Jumamosi ana vita, ngome yake na ngome ya tajiri mwenzake, na Falme Tisa asiye na bendeji anakufa kwa upanga wa kwanza, na bendeji zinashonwa kwa pamba, kwa hiyo Sultani anataka pamba, si ya kumtosha, yote.

Yote, na njia ya kuipata yote ni mimi, hapo ndipo ninapotamani kucheka kwa sauti, maana waliotengeneza mchezo huu hawakuwa wajinga, waliliona mapema hili la mwenye nacho kufagia soko, wakaweka kikomo, marobota mia mbili kwa mchezaji kwa siku, hata uwe umelalia dhahabu, isipokuwa mwenye Kibali cha Ukarimu, huyo hana kikomo, walidhani mtu mkarimu atanunua ili agawe, maskini wa Mungu, na kibali hakinunuliwi, wageni ndio wanaokutunuku, kila mgeni anayeingia mchezoni ana nyota moja ya kumpa aliyemsaidia, moja tu maisha yake yote, na mimi ninazo elfu tatu na arobaini… sikuzitafuta jamani, mwaka wa kwanza nilipangiwa kuchimba karibu na Lango la Mwanzo, pale wageni wanapotokea na fimbo na mkate mmoja, pekupeku, wanazunguka kama kuku aliyemwagiwa maji, mwingine anakufa mara tatu kabla hajajua hata kuketi, nikawa namtupia huyu viatu, huyu mkate, yule namwonyesha njia ya mtoni, basi tu, moyo ulinituma, na Mjomba huyu huyu akanikata siku mbili za mshahara kwa kuchezea mikate ya ofisi, na Profesa, mwenzangu wa meza ya kushoto, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla shule yake haijafungwa, akanitania, wewe endelea kulisha kunguru, iko siku watakulipa… na leo kumbe nimelipwa, watu elfu tatu na arobaini walisema ahsante kwa kitu pekee walichokuwa nacho, na hiyo ahsante yao ndiyo inayotakiwa iwafungie soko wanaokuja nyuma yao, imeingia?, bado, hebu zima simu uiwashe dada yangu, ngoja kidogo Mjomba, ikizimwa itaanza upya, wenzako wanasubiri, anasema, na hilo najua, nasikia kibodi zote zimenyamaza, Jumamosi akishinda Sultani kila mtu humu anapata nusu mshahara juu ya mshahara wake, Mjomba ameapa, Profesa ana kodi ya miezi miwili kichwani na hanitazami, anatazama skrini yake ambako mchimbaji wake amesimama tu mlimani na sururu begani.

Ni mchezo tu, nimejiambia asubuhi nzima, pamba yenyewe huwezi kuishika, mchezo tu, lakini mbona mshahara wangu si mchezo, mbona mgongo huu unaoniuma si mchezo, na yule Profesa, kabla hajanyamazishwa na kodi, si ndiye aliyepiga hesabu mwaka jana nyuma ya karatasi ya maandazi, akanionyesha, watu elfu arobaini wanacheza Falme Tisa na watu tisa kati yao wanashika zaidi ya nusu ya dhahabu yote, tisa, akasema unaona ajabu yake dada, hapa hakuna aliyerithi shamba, hakuna mtoto wa fulani, wote walianza na fimbo na mkate mmoja, miaka sita tu, sasa angalia, na mimi nikasema kwani hao tisa wanatumia mikono mingapi, akacheka, akanyoosha ya kwake, akanionyesha na ya kwangu… kweli ni sisi, sisi saba ndio mikono yenyewe, kila mtu ana kitufe kama cha kwako, Mjomba hupenda kusema, soko ni huru, anayelia alie na uvivu wake, ah!, kitufe wanacho wote, akaunti kumi na nne na watu saba wa kuajiri wanao wangapi, wanayo wangapi hiyo dhahabu elfu kumi na moja na ushee ya kubonyezea?

Na Mama… sikutaka kumfikiria, nimemzungukia tangu asubuhi, sasa huyu hapa, amekaa dirishani nyumbani na simu yenye kioo kilichopasuka, miguu juu ya stuli, magoti yamekwisha, miaka thelathini na minne ya kusimama wodini, mimi ndiye niliyemwekea huu mchezo ili aache kunipigia kila saa kunishtakia jirani na redio yake, nikajua atauchoka kesho yake, wiki ya pili ana kibanda pale Lango la Mwanzo, Nesi Mstaafu, ndivyo kilivyoandikwa, anachukua pamba ya dhahabu moja, anashona bendeji, anauza mbili, si tatu, mbili, nikamwambia Mama panda bei kidogo wenzako wanauza tano, akaniangalia kwa ile miwani yake, mgonjwa wangu ana mbili, mwanangu, nimuuzie tano nimfunge na nini, na siku hizi anaamka alfajiri, anavaa khanga safi, naapa, anavaa khanga safi kwenda kukaa dirishani, nina wagonjwa, anasema, mwanamke aliyekuwa anashinda amegeukia ukuta… pamba ikifika ishirini, na itafika ishirini kabla ya jioni, kibanda kimekufa, ataamka kesho hana cha kushona, na hajui, anajua binti yake anaingiza data, hivyo tu nilimwambia, data, na mwaka jana tulipofagia sindano zote za kushonea sokoni kwa akaunti kumi na nne, mkono huu huu, usiku kwenye chakula alilaani mpaka mboga ikapoa, walafi wakubwa, akasema, hao watu hawana mama?, watakuwa nao, nikamjibu, nikaondoka na sahani.

Kwa hiyo nimeandika ujumbe, upo hapa chini ya ile namba, haujaondoka, Mama nunua pamba sasa hivi mia mbili usiulize, kidole kimoja tu, mia mbili kwa dhahabu moja moja, jioni ni elfu nne, Mama tajiri, kibanda kizima, wagonjwa wake wana bendeji mwezi mzima, mimi ninabonyeza, Mjomba anafurahi, Profesa analipa kodi, kila mtu amepata, nani kaumia?, nimejiuliza hivyo nikajiona nina akili… na mkono wangu wa kushoto ukaniuma, ule ule, haujauma miaka, nilikuwa na miaka tisa, nilianguka ukutani mfupa ukajitokeza kama fundo chini ya ngozi, jirani akanibeba hadi zahanati, na Mama alikuwa ndani, chumba cha kufunga vidonda, nikajua nimefika, mama yangu ndiye mwenye mlango, nikapewa namba, thelathini na moja, Mama akatoka, akauona mkono, akaufunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akaninong'oneza unaumia lakini hufi, kaa, akainua uso akaita namba sita!, mimi nikakaa, saa nzima na zaidi, machozi mpaka yakaisha, mwanamke mmoja akamwambia nesi si mwanao huyu?, ndiye, akasema Mama, na huyu wa sita ni wa mwenzangu… nilimchukia, nasema ukweli, nimeisimulia hadithi hiyo kwa kila aliyekubali kunisikiliza, oneni mama yangu alivyopenda kazi kuliko mimi, na hadi leo hii nikiufikiria ule mkono nina hasira naye, alikosea kutonishika kichwa, angenishika kichwa hata kidogo, lakini foleni, foleni hakukosea, wa sita alikuwa na moto mwilini na mimi nilikuwa na fundo, kwa nini nimeliona leo, juu ya duka la magodoro, na mtu anagonga kiti changu?

Nikimtumia huu ujumbe nafahamu kitakachotokea, hatanunua hata robota moja, atapiga simu, hapa hapa, mbele ya wote, nani kakwambia?, na wenzangu pale langoni wameambiwa, yule binti wa mishumaa ameambiwa, yule mzee anayeuza kamba ameambiwa?, hapana Mama, basi mbona mimi, na nitamjibu nini, kwa sababu wewe ni mama yangu?, si ndivyo walivyopata wale tisa, si kwa upanga wala kwa kuchimba, kwa mtu wa nyumbani aliyekaa karibu na mlango akawanong'oneza nunua sasa usiulize, na kila mmoja wao alijisemea nani kaumia, na hapa nilikuwa najiona mwema, mimi na mikate yangu, mimi na nyota zangu, kumbe ninachokiandika ni ujumbe ule ule… futa, herufi kwa herufi, usiulize, mia mbili, sasa hivi, pamba, nimebakiza Mama, na hilo nalo nimelifuta, linaniuma kulifuta, lakini halikai vizuri peke yake hapo.

Imebaki dakika moja na ushee, na bado ninayo njia ya woga, nzuri, laini, ninyamaze, namba ife yenyewe, niseme ona Mjomba mtandao umetuangusha, lakini ataomba nyingine, na nyingine, na kesho ataniletea soda mbili, na mimi nitakuwa mtu wa kujificha nyuma ya mtandao maisha yangu yote, hapana, nimechoka kusema data, nimechoka kusema watakuwa nao, atanifukuza, ndiyo, unga utamwagika, nitatafuta kazi na mgongo huu na miaka yangu arobaini na mitatu, nitarudi nyumbani nimwambie Mama kila kitu, na habari za sindano pia, na anaweza kunifunga mdomo kwa jicho lile, sawa, anifunge, na hizi nyota si za Mjomba, akaunti ni yake, kiti ni chake, kompyuta ni yake na soda achukue, nyota nilipewa mimi na watu wasiokuwa na viatu… na Profesa amegeuka, ananitazama hatimaye, macho yanasema bonyeza dada yangu nakuomba, na yeye namwonea huruma kuliko wote na yeye ndiye nitakayemuumiza kuliko wote, nusu mshahara, kodi, watoto, sina cha kumfidia, sitajifanya ninacho, dada yangu namba imeingia?, kidole kimeacha kugonga, anasubiri, wote wanasubiri, na nina jibu mdomoni tayari, naligeuza kwa ulimi nione kama limekaa, imeingia Mjomba, imeingia zamani sana, ninayo na sikupi, na nitalisema kwa sauti ya kufika meza ya mwisho, ili hata watakaonichukia jioni hii wajue wa kumchukia, si mtandao, ni mimi.